UZI: Konokono wa Tahiti na Moorea walivyofyekwa huku wanasayansi wakitazama, na konokono wetu alivyohusika

#1 mzee_wa_magamba (mleta mada)

Wakuu, habari zenu.

Nyuzi za tembo, faru na simba zimejaa humu. Leo naomba tumjadili kiumbe asiye na pembe wala manyoya, ambaye hakuna mtalii anayepanda ndege kwenda kumwona. Konokono.

Sababu ninayo. Ukichukua wanyama wote ambao kutoweka kwao kumeandikwa rasmi tangu mwaka 1500, kundi lililopoteza spishi nyingi kuliko mengine ni moluska: konokono, koa, chaza, kombe, pweza na jamaa zao. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2004 ilikuta spishi 693 za wanyama zimetoweka, na 42% ya hizo ni moluska. Ndege na mamalia kwa pamoja wanasikika kila siku, hawa hata wimbo hawana. Na karibu wote waliopotea ni wa nchi kavu na wa maji baridi. Wa baharini ni wachache mno kwenye orodha hiyo.

Kisa nitakachowapa ni cha konokono wa jenasi Partula, wa visiwa vya Society huko Polinesia ya Ufaransa: Tahiti, Moorea, Raiatea na wenzao. Ni wadogo, sentimita moja hadi mbili. Wanaishi juu ya majani ya miti, wanakula majani yaliyooza, ukungu na mwani, mazao ya mkulima hawagusi. Hawatagi, wanazaa mtoto aliye hai na gamba lake tayari mgongoni.

Mwaka 1906 Mmarekani mmoja, Henry Crampton, alianza kwenda huko na akajifunga kwenye kazi ambayo wengi wetu tungeiita wazimu. Alipita bonde kwa bonde, akaokota konokono, akapima urefu na upana wa magamba, akaandika rangi, mistari, na upande gamba linakozungukia, kulia au kushoto. Vitabu vyake vikubwa vilitoka 1916, 1925 na 1932. Makumi ya maelfu ya magamba, hesabu zote kwa mkono.

Alichogundua ni kwamba ukivuka kilima kimoja tu, konokono wanabadilika. Bonde hili wana mistari, bonde la pili hawana. Konokono hasafiri, kwa hiyo kila bonde lilikuwa linatengeneza watu wake.

Nitaendelea hapa hapa. Watu wa maswali karibuni.

#2 chumvi_kijiko

Naweka kambi. Shusha nondo mzee.

#3 swali_gumu

Mleta mada samahani, mimi ni mtu wa moja kwa moja. Konokono anatusaidia nini? Faru naelewa, utalii. Konokono?

#4 mzee_wa_magamba

Mkuu swali halali, na nitalijibu kwa mfano mmoja uliopimwa, nisikupe porojo za "mnyororo wa chakula".

Uholanzi, miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, ndege wadogo wa misituni walianza kutaga mayai yenye maganda mepesi yanayovunjika, mengine hayana ganda kabisa. Watafiti wakafuatilia. Mvua ya asidi ilikuwa imeuondolea udongo chokaa yake. Bila chokaa konokono hawajengi magamba, wakapungua. Na ndege hao chokaa ya kutengenezea ganda la yai walikuwa wanaipata kwa kula konokono. Walipowekewa vipande vya magamba, mayai yakawa mazima. Matokeo yalitoka mwaka 1994.

Ukitaka la hospitalini: kuna konokono wa baharini, Conus magus, ambaye sumu yake imetoa dawa ya maumivu makali iitwayo zikonotaidi, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2004. Ila mimi binafsi hoja ya dawa siipendi sana. Inakuwa kana kwamba kiumbe lazima alete risiti ndipo aachwe aishi.

#5 swali_gumu

Hilo la mayai sikulijua. Nimekaa kimya, endelea.

#6 mzee_wa_magamba

SEHEMU YA PILI

Miaka ya 1960 Bryan Clarke, Mwingereza, na James Murray, Mmarekani, walirudi Moorea na vitabu vya Crampton mkononi. Baadaye akaungana nao Michael Johnson wa Australia. Hawa hawakwenda kuhifadhi kitu. Walikwenda kutafuta jibu la swali kubwa: spishi mpya inazaliwaje?

Na Moorea ilikuwa mahali pake hasa. Kisiwa kidogo, spishi kadhaa za Partula zikiishi msitu mmoja, nyingine zikichanganyika bonde hili na kutengana kabisa bonde lile. Mfano ninaoupenda ni Partula suturalis. Kuna sehemu za kisiwa gamba lake linazungukia kushoto, na sehemu nyingine kulia. Anapoishi na spishi jamaa yake, mara nyingi anazunguka upande ulio kinyume na wa huyo jamaa. Kwa nini? Konokono hawa kila mmoja ana jinsia zote mbili, lakini kupandana kunategemea miili ikae sawa. Magamba yakiwa kinyume, kupandana ni shida tupu. Basi mzunguko wa gamba unakuwa mpaka kati ya spishi na spishi. Unauona kwa macho, bila maabara.

Sasa tuje kwenye maafa.

Konokono mkubwa wa Afrika, Lissachatina fulica, yule mwenye gamba refu la kahawia na michirizi, asili yake ni pwani ya Afrika Mashariki. Ndiyo, huyu wetu. Watu walimbeba hadi visiwa vya Bahari ya Hindi. Mwaka 1847 akatolewa Mauritius akafikishwa Calcutta, akaachiwa. Kutoka hapo Asia, kutoka Asia hadi Pasifiki, kila mahali kwa mikono ya watu. Tahiti alifika mwaka 1967. Akazaliana, akaingia mashambani na bustanini, akawa kero kweli kweli.

Dawa iliyochaguliwa ni konokono mwingine, Euglandina rosea, kutoka kusini mashariki mwa Marekani. Huyu anakula konokono wenzake. Ana midomo mirefu pembeni inayonusa ute, akikutana na njia ya ute ya konokono anaifuata hadi amfikie mwenyewe. Mdogo anammeza mzima na gamba lake.

Tahiti akaachiwa mwaka 1974. Moorea mwaka 1977.

Mnaona tatizo liko wapi.

#7 ndege_wa_alfajiri

Duh. Yaani badala ya kuwinda yule mkubwa akaenda kwa wale wadogo wa mitini?

#8 mzee_wa_magamba

Ndiyo dada. Konokono wa Afrika akikomaa ni pande la kiumbe, kumla ni kazi. Partula ni tonge. Na Euglandina anapanda miti bila shida. Hakuna ushahidi wa kueleweka kwamba alimpunguza konokono wa Afrika popote alipopelekwa, na alipelekwa sehemu nyingi. Hawaii walimwachia mwaka 1955, kwa hiyo mwaka 1974 walikuwepo watu wa kuulizwa.

Clarke na wenzake waliona kinachokuja, wakaandika onyo mwaka 1984. Walikuwa wanapima jinsi mstari wa Euglandina unavyosonga mbele bonde baada ya bonde, na nyuma yake magamba matupu. Kufikia 1987 Partula wa Moorea walikuwa hawaonekani tena porini. Miaka kumi. Makala yao ya mwaka 1988 ina kichwa kikavu kabisa kinachosema kutoweka kwa Partula Moorea, basi.

Kabla ya hapo walikuwa wamekusanya wachache wakiwa hai, wakawasambaza kwenye maabara za Nottingham, Virginia na Perth. Lengo la awali lilikuwa majaribio ya urithi. Ghafla visanduku vile vya plastiki ndivyo vikawa dunia nzima ya spishi hizo.

#9 mkaa_kimya

Kwa hiyo mwenye kosa ni nani? Konokono wa kwetu, huyo wa Marekani, au serikali ya kule?

#10 fundi_bomba_2

Konokono hajapanda meli mwenyewe mkuu. Hiyo kesi ya binadamu.

#11 mkaa_kimya

Najua, lakini mkulima aliyeliwa mboga zake unamwambia nini? Asubiri profesa amalize kupima magamba?

#12 mzee_wa_magamba

#11 hapo umenena, na sitaki kumgeuza mkulima wa Tahiti kuwa adui. Shida ilikuwa ya kweli. Ninachosema ni kwamba huyu mla konokono aliachiwa bila kujaribiwa kwanza anakula nani, wakati jibu lingepatikana kwa kumweka ndani ya chombo kimoja na Partula usiku mmoja. Siku hizi wadudu wa kudhibiti wadudu wenzao hupimwa kwanza kama watakula kisichohusika, na visa kama hivi ndivyo vilivyofundisha.

Sasa nirudi kwa Crampton. Tunajua hasara ya Moorea kwa undani wa kila bonde kwa sababu mtu alishapita na kuandika mapema. Mtu huyo asingekuwepo tungesema tu "zamani kulikuwa na konokono". Sehemu nyingi duniani ndivyo tunavyosema hadi leo.

Mwaka 2015 Claire Régnier na wenzake, akiwemo Philippe Bouchet wa makumbusho ya elimu ya viumbe ya Paris na Robert Cowie wa Hawaii, walichapisha kazi niliyoisoma mara kadhaa. Walichagua konokono wa nchi kavu 200 kwa bahati nasibu, kutoka duniani kote, wakaulizia kila mmoja: mara ya mwisho alionekana lini, na nani, wapi? Kutokana na hao wakakadiria kwamba karibu 7% ya spishi zote zinazojulikana duniani huenda zimeshapotea. Orodha Nyekundu, ile orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka, haionyeshi chochote cha kukaribia hapo. Ndege karibu wote wametathminiwa. Konokono walio wengi hakuna aliyewahi kuwatathmini, na ambaye hajatathminiwa hahesabiki hata akifa.

#13 jicho_la_tai

Mleta mada naomba niongeze. Huyo Bouchet ana kazi nyingine ya baharini, Koumac, New Caledonia. Walizama, wakapiga mswaki mawe, wakafyonza mchanga, wakachuja. Eneo la kilomita za mraba 295 likatoa spishi 2,738 za moluska. Wengi ni wa milimita chache. Na karibu spishi moja kati ya tano waliipata mara moja tu, kiumbe mmoja, basi.

Hiyo ndiyo inayotesa watu wa fani hii. Ukipata mmoja tu hujui ni adimu kweli au ulipitiwa.

#14 mzee_wa_magamba

#13 asante sana mkuu. Na msituni hali ni hiyo hiyo. Kamerun kuna kazi ya mwaka 1998, kilomita moja ya mraba ya msitu wa mvua ilitoa spishi 97 za konokono. Ukitembea mle unaweza kutoka bila kumwona hata mmoja. Wanapatikana kwa kuchota majani yaliyooza, kuyakausha, kuyachekecha kwenye chekeche za matundu tofauti, kisha kukaa na darubini ukitenganisha punje moja moja. Mwili unahifadhiwa kwenye spiriti kwa ajili ya DNA na kupasuliwa, maana magamba mawili yanaweza kufanana kama mapacha na viungo vya uzazi ndani vikawa tofauti kabisa.

Ukishampata mgeni, foleni. Watafiti wa Paris walipiga hesabu mwaka 2012 wakakuta kwamba tangu kiumbe kiokotwe hadi kipewe jina rasmi inapita wastani wa miaka 21. Hiyo ni kwa viumbe wa aina zote. Kuna msitu unakatwa na kuota mihogo ndani ya muda huo.

#15 swali_gumu

Hapo hapo nina neno. Kwa nini hizo hela za kuokota na kupa majina zisinunue msitu ukalindwa? Ukiulinda msitu, konokono watajilinda wenyewe, wawe na majina wasiwe nayo.

#16 jicho_la_tai

Hoja nzuri, lakini unalinda msitu upi? Hela hazitoshi yote. Kipande kidogo cha mlima wa chokaa kinaweza kuwa na konokono wasiopatikana popote pengine, na kwenye ramani kinaonekana jiwe la kuchimbia saruji. Tembo hakai pale. Hakuna atakayekitetea mpaka aje mtu wa konokono.

#17 mzee_wa_magamba

Namuunga mkono #16. Tena Moorea inajibu kwa upande mwingine: msitu haukukatwa. Ulikuwepo wote, kijani, na konokono wakaisha. Uzio wa hifadhi haumzuii Euglandina.

Hata maabara si ngome. Partula turgida wa Raiatea, wa mwisho kabisa alifia London mwaka 1996, akiwa ameuawa na kimelea kidogo kisichoonekana kwa macho. Partula faba aliyeokotwa mara ya kwanza kwenye safari ya James Cook mwaka 1769, wa mwisho alifia bustani ya wanyama ya Edinburgh mwaka 2016. Spishi iliyodumu miaka na miaka juu ya majani ikaishia kwenye kisanduku chenye lebo.

#18 ndege_wa_alfajiri

Mimi nataka kujua kama kuna aliyebaki porini. Usinimalizie kwa misiba tu.

#19 mzee_wa_magamba

SEHEMU YA TATU, ya dada #18.

Wapo waliobaki, na jinsi ilivyogundulika kwa nini walibaki ni utafiti mtamu sana.

Miaka ya baadaye watu kama Trevor Coote walipanda mabonde ya Tahiti wakakuta spishi mbili bado zipo kwenye mabonde kadhaa: Partula clara na Partula hyalina. Wengine karibu wote wamekwenda, hawa wamebaki. Hyalina gamba lake ni jeupe, na wanapendelea kingo za msitu penye mwanga.

Diarmaid Ó Foighil wa Chuo Kikuu cha Michigan na Cindy Bick wakawa na wazo: labda jua ndilo linalowalinda. Gamba jeupe linarudisha mwanga, Euglandina mwenye gamba la kahawia akikaa juani anakauka. Lakini utapimaje jua linalompata konokono mchana kutwa? Wahandisi wa chuo hicho hicho walikuwa wametengeneza kompyuta ndogo kuliko zote, milimita 2 kwa 5 kwa 2, yenye kipande cha sola. Wakaenda nazo Tahiti mwaka 2017. Wakazigundisha kwenye magamba ya Euglandina, wakawaachia wakatembee. Hyalina analindwa na hagundishwi kitu, kwa hiyo kwake waliziweka juu na chini ya majani anayolalia mchana.

Matokeo yalitoka 2021: mahali anapokaa hyalina palipata jua takriban mara kumi ya lile alilopata Euglandina. Mwindaji hawezi kufika pale mchana akatoka salama.

Tafsiri yake kwa uhifadhi iko wazi. Ile miti ya ukingoni, ambayo mtu angeona ni kichaka cha kufyeka, ndiyo ngome yenyewe.

(Kidokezo cha pembeni: magamba meupe ya hyalina watu wa Polinesia walikuwa wakiyatumia kwa mapambo, na vinasaba vinaonyesha kuwa waliopo visiwa vya mbali, Austral na Cook, walibebwa na wasafiri wa mitumbwi zamani. Binadamu huyo huyo.)

#20 fundi_bomba_2

Kompyuta mgongoni mwa konokono. Nimeishi kuona mengi.

#21 chumvi_kijiko

Na wale wa kwenye visanduku? Wamerudishwa?

#22 mzee_wa_magamba

Jaribio la kwanza la Moorea, miaka ya 1990, lilikuwa uzio maalumu wenye umeme na chumvi ndani ya bonde. Ulihitaji kuangaliwa kila wakati, tawi likianguka tu limetengeneza daraja. Euglandina wakaingia, kazi ikaharibika.

Tangu mwaka 2015 bustani za wanyama za London, Bristol, Edinburgh na nyingine za Ulaya na Marekani zimekuwa zikirudisha Partula kwa maelfu, wakiachiwa msituni moja kwa moja. Euglandina mwenyewe amepungua, alishamaliza chakula chake. Kila anayeachiwa anapakwa nukta ndogo ya rangi nyekundu inayong'aa kwenye mwanga wa urujuanimno, maana konokono hawa wanaamka usiku, na usiku ndio wa kuwatafuta na tochi.

Mwaka 2024 Moorea, timu ikakuta Partula tohiveana wakubwa wasio na nukta. Maana yake hawa wamezaliwa pale pale porini na wamekua. Orodha Nyekundu ikamtoa kwenye daraja la "ametoweka porini" ikamweka "hatarini kabisa kutoweka". Ni hatua adimu kweli kwa mnyama asiye na uti wa mgongo.

#23 ndege_wa_alfajiri

Nukta nyekundu kutokuwepo ndiyo habari njema. Nimeipenda hiyo.

#24 jicho_la_tai

Kwa wale wa maziwa na mito, naongeza kidogo maana uzi umekaa sana mlimani. Amerika Kaskazini kuna spishi kama 300 za moluska wa mtoni wenye magamba mawili, wale wanaochuja maji. Tathmini ya 1993 ilikuta zaidi ya 70% wako kwenye hali mbaya. Mabuu wao lazima wajishike kwenye samaki kabla ya kuwa wakubwa, na mara nyingi ni samaki wa aina maalumu. Ukijenga bwawa samaki asipande, moluska anabaki mtoni mzima wa afya, anaishi makumi ya miaka, hana mtoto hata mmoja. Ukimhesabu unasema yupo.

Na Ziwa Tanganyika lina konokono wengi wasiopatikana kwingine kokote. Yule mkubwa, Neothauma tanganyicense, magamba yake matupu yanalundikana chini na kuna samaki wanaozalia humo. Matope yanayoshuka kutoka kwenye milima iliyokatwa miti yanafunika mawe na magamba yote hayo.

#25 swali_gumu

Nimeuliza maswali ya kejeli mwanzo, sasa nauliza la kweli. Hatari iliyobaki huko Tahiti ni ipi? Euglandina si kapungua?

#26 mzee_wa_magamba

Kapungua, hajaisha. Anayeogopwa zaidi sasa ni mnyoo bapa kutoka New Guinea, Platydemus manokwari, mweusi, mwembamba, anakula konokono na anapanda miti. Alisambazwa kwa makusudi sehemu kadhaa za Pasifiki kumdhibiti konokono wa Afrika. Ndiyo, kwa sababu ile ile. Anajificha kwenye udongo wa miche na vyungu vya maua, kwa hiyo anavuka kisiwa hadi kisiwa bila mtu kujua amembeba. Hana gamba la kugundishia kompyuta.

#27 mkaa_kimya

Kwa hiyo konokono wetu bado yupo kule?

#28 mzee_wa_magamba

Yupo, mkuu. Anakula bustani za watu kama kawaida.